Cheche Ndogo Ndani ya Sponji

Watu wa Kamina wamezoea kuona cheche. Tangu mwaka 1956 njia tatu za reli zinakutana hapa, ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya Kabalo, na kazi ya chuma haikosi mjini. Watoto husimama kumtazama mchomeleaji, nazo cheche huanguka kama nyota na kufa mavumbini. Kwa hiyo wengi hudhani hazina nguvu.

Lakini cheche ni chembe ya chuma kilichoyeyuka, na chuma huyeyuka kwa joto la karibu digrii 1500. Chembe hiyo hudunda, hubingirika, na yaweza kwenda hata mita 10, kisha ikaingia katika ufa mahali pasipoonekana.

Ikiangukia udongo, hupoa. Ikiangukia sponji, ni habari nyingine. Sponji laini imo katika magodoro yetu. Iliyo ngumu, ambayo mara nyingi ni ya manjano, imo katika kuta za friza na za majengo ya kutunzia vitu baridi. Imejaa vishimo vya hewa, hivyo joto halipati njia ya kutoka. Huweza kuungua polepole bila mwali, na fundi amekwisha kwenda nyumbani kula. Halafu ikipata hewa hulipuka moto.

Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Icheon, Korea ya Kusini, tarehe 29 Aprili 2020. Ghala lilikuwa linajengwa. Wachunguzi walisema cheche za kuchomelea ziliingia katika sponji ya jengo, chini kabisa ya ardhi, zikaungua kimya kabla ya mtu kujua. Watu 38 walikufa. Katika mji huohuo, mwaka 2008, watu 40 walikuwa wamekufa katika ghala lenye sponji ya namna hiyo.

Sisi hatuna maghala makubwa hivyo, lakini tunazo friza mbovu zinazokatwa uani, na magodoro yanayoanikwa karibu na fundi. Usikate friza kabla ya kuitoa sponji yake. Ondoa magodoro, nyasi na mafuta. Lowesha chini, weka ndoo ya maji na mchanga. Kazi ikiisha, mtu mmoja akae alinde kwa saa nzima. Afadhali akae bure.

Moshi wa sponji huua kuliko mwali. Una hewa za sumu, mojawapo sianidi, na mtu huzimia kabla ya kuungua. Toka ukiwa umeinama, wala usirudi kuchukua redio au nguo. Aliyetolewa katika moshi, akiwa na masizi puani au sauti iliyokwaruza, aletwe hospitalini siku ileile hata kama ngozi yake ni nzima, maana koo huweza kuvimba baadaye.

Aliyeungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Mvue pete mapema, kabla kidole hakijavimba. Sponji iliyoganda katika ngozi usiibandue. Usipake mawese, majivu wala dawa ya meno. Wauguzi hulazimika kuviosha tena, na mgonjwa huumia mara mbili. Funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha mlete.