Kesi Iliyolala Ikiamshwa

Bahasha ya kaki hupenyezwa chini ya mlango wa ghorofa ya tatu pale Umoja, Nairobi, au ujumbe wa WhatsApp huingia mtu akiwa ndani ya matatu Jogoo Road: picha za kurasa zenye mhuri wa mahakama na nambari ya kesi ambayo mwenyewe alidhani ilishakufa. Labda ni malimbikizo ya kodi ya nyumba, labda ni ploti ya Kayole iliyolipiwa nusu, labda ni gari lililogongwa. Mdai aliyepotea miaka miwili amerudi na anaomba kesi ifufuliwe. Asiye na wakili hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: hunyamaza akitumaini upepo utapita, au hukimbilia mahakamani kusimulia kisa chote tangu mwanzo, nani alimkopesha nani na nani alimtukana nani. Makosa yote mawili yana chimbuko moja. Kesi inayofufuliwa ina mapambano mawili, na lile la kwanza halihusu kabisa nani anamdai nani. Linahusu mlango: ufunguliwe tena au ubaki umefungwa, na ukifunguliwa, kwa masharti gani.

Kwanza ijulikane kesi yenyewe ilikufaje. Chini ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za Kenya za mwaka 2010, Agizo la 17, kesi ikikaa mwaka mmoja bila hatua yoyote, mahakama yaweza kumtaka mdai aeleze kwa nini isitupwe. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliongeza kwamba ikipita miaka 2 bila hatua, kesi huhesabiwa imetupwa. Kuna pia Agizo la 12: siku ya kusikizwa ikifika, mdaiwa yupo na mdai hayupo, hakimu anaweza kuitupa. Lakini kifo cha namna hii si cha milele, kwa sababu mdai huruhusiwa kuomba kesi irudishwe. Jambo hili huwaudhi wengi, nami nawaelewa, ila ndiyo sheria. Hakimu akisoma ombi hilo huongozwa na maamuzi ya zamani. Katika Ivita dhidi ya Kyumbu maswali yalikuwa haya: je, ucheleweshaji ni wa muda mrefu na hauna udhuru? Na hata kama ni hivyo, je, haki bado yaweza kutendeka? Katika Shah dhidi ya Mbogo, mwaka 1967, ilielezwa kwamba huruma ya mahakama ni ya aliyepatwa na ajali au kosa linalosameheka. Anayekwepa au kuchelewesha haki kwa makusudi hastahili huruma hiyo.

Ukiyatazama maswali hayo vizuri utaona kwamba hakuna hata moja linalouliza kama deni ni la kweli. Yanauliza tarehe, sababu na madhara. Hapo ndipo mtu wa kawaida ana nguvu kuliko anavyodhani, maana tarehe hazihitaji shahada ya sheria. Jibu lake ni hati ya kiapo ya kujibu, inayoapwa mbele ya kamishna wa viapo, na aya zake chache zaweza kuandikwa kwa maneno ya kawaida. Kesi ilifunguliwa lini, mdai alionekana mara ya mwisho lini, ilitupwa lini, na ombi hili limeletwa baada ya miezi mingapi. Mdai akisema alikuwa mgonjwa, uliza cheti cha hospitali kiko wapi na kinataja siku zipi. Akisema kosa ni la wakili wake, ambao ndio udhuru unaopendwa kuliko wote, jibu ni kwamba kesi ni ya mdai, wala si ya wakili, na yeye alipaswa kuifuatilia. Mahakama wakati mwingine huukubali udhuru huo, wakati mwingine huukataa. Usiuache upite bila kuguswa.

Kisha yaje madhara, na hapa ndipo hati nyingi hudhoofika. Kuandika kwamba umeumia kwa kucheleweshwa hakutoshi. Andika kwamba keateka aliyekuwa akipokea kodi na kusaini kitabu alifariki, na uambatishe nakala ya cheti cha kifo ukiipata. Andika kwamba risiti zilisombwa na mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoingia nyumba za Mathare, ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Malipo ya M-Pesa yapo, lakini usipeleke simu tu. Chapisha taarifa ya malipo pale saiba, uambatishe cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ilitoka kwenye kifaa gani na nani aliichapisha. Hati hiyo ya kiapo iwasilishwe na mdai apewe nakala angalau siku 3 kamili kabla ya siku ya ombi kusikizwa, isipokuwa mahakama imetoa muda wake, ambao ndio utakaofuatwa.

Wapo watakaosema ni afadhali kunyamaza. Nisipopokea karatasi, hawawezi kunishitaki. Dhana hii imepitwa na wakati. Tangu marekebisho ya 2020, kanuni zinaruhusu hati kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu, na mtu asipopatikana mahakama yaweza kuruhusu zibandikwe mlangoni. Asiyekuwapo na lake halipo. Kesi hufufuliwa upande mmoja, husikizwa upande mmoja, hukumu hutolewa, na mdaiwa hujua siku dalali anapogonga mlango kuorodhesha televisheni na friji. Kanuni za madalali humpa siku 7 za kulipa kabla ya vitu kubebwa, na kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai hukinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko. Faraja hiyo ni ndogo kwa mtu ambaye angeweza kuzungumza mapema.

Wengine hutegemea Katiba. Ibara ya 159 inataka haki itendeke bila kung'ang'ania taratibu kupita kiasi, hivyo mahakama itanisamehe hata nikikosea. Ni kweli, lakini ibara hiyohiyo ndiyo ngao ya mdai anayetaka kesi yake ifufuliwe, na mahakimu wengi huegemea upande wa kuisikiza kesi. Mahakama ya Rufaa pia ilishaonya, katika kesi ya uchaguzi ya Nicholas Salat mwaka 2013, kwamba ibara hiyo haiwaondolei watu wajibu wa kufuata kanuni. Kwa hiyo nadhani mdaiwa mwenye akili hatumii nguvu zake zote kuushikilia mlango. Anaomba ombi likataliwe, ndiyo, lakini katika aya ya mwisho anaongeza: mahakama ikiona vema kuifufua kesi, basi iwe kwa masharti. Mdai alipe gharama za safari zilizopotea bure, awasilishe mashahidi wake ndani ya siku 30, na akishindwa, kesi itupwe bila ombi jingine. Mahakimu wanayo mamlaka ya kuweka masharti ya haki, na mara nyingi huwa tayari kumsikiliza anayeyapendekeza kwa utulivu.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba huu ni uwanja wa mawakili. Penye ardhi, au kiasi kikubwa cha pesa, au Mahakama Kuu, nakubali: tafuta wakili hata kwa kukopa. Hata hivyo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inagusa kesi za madai pia, na Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo jijini tangu 1973. Omba msaada huko, ila ukiwa umekwisha kuwasilisha hati, kwa kuwa foleni ya msaada haisimamishi saa ya mahakama. Na madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Nairobi mwaka 2021 na iliyokusudiwa kutumiwa na watu wasio na mawakili.

Woga wa lugha nao hauna msingi. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinasema lugha ya mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu ni Kiingereza au Kiswahili. Simama, taja jina lako, sema kwamba unajiwakilisha, na umwelekeze hakimu kwenye aya ya tarehe. Kabla ya siku hiyo pitia rejista ulipie kusoma faili, uone kama utetezi wako wa awali uliwahi kuwekwa humo. Ikiwa haumo, omba ruhusa ya kuuwasilisha siku hiyohiyo, kwani kesi ikifufuka bila utetezi hukumu yaweza kuandikwa mara moja. Amri ikitolewa, omba nakala na uweke alama ya siku ya mwisho kwenye kalenda. Siku ya 31, kama mdai hajatimiza sharti, rudi rejista na barua fupi yenye nambari ya kesi, ukiomba faili iletwe mbele ya hakimu.