Amplifaya ya debe nusura itoe roho!

Wiki hii tuweke kando habari za mapenzi, maana hapa Kisorya nusura tuzike mtu.

Ilikuwa harusini, si mbali na pale unapopandia kivuko cha kwenda Rugezi. Binamu yangu alikuwa anakung'uta solo kwenye amplifaya aliyojitengenezea mwenyewe, chesisi yake debe la mafuta ya kula. Akina dada wanajimwaga, jamaa akasogeza mdomo kwenye maiki aimbe. Paa! Chali, gitaa kifuani. Bahati nzuri mtu akawahi kuchomoa plagi.

Kesho yake tukaifungua. Kumbe waya wa umeme ulipita kwenye tundu la debe lisilo na mpira. Makali ya bati yakala ganda la waya, debe zima likawa na moto wa volti 230. Nyuzi za gitaa zinaungana na chesisi kupitia jeki, kwa hiyo nazo zikawa na moto. Maiki ilikuwa kwenye mashine nyingine yenye ethi. Mwili wa binamu ndio ukaziunganisha!

Tukamfuata fundi redio mmoja mtu mzima. "Wanangu," akasema, "chesisi si urembo. Ndiyo inayobeba mzigo, inayozuia mvumo na inayowakinga nyie."

Akatupa darasa. Debe linashika lehemu upesi, lakini ni jembamba. Ukiliwekea transfoma linabonyea, na likikwaruzika linaanza kutu. Chuma cha milimita moja au zaidi kinabeba transfoma bila wasiwasi, ila kukitoboa ni jasho. Tena kinavutwa na sumaku, hivyo transfoma ikikaa vibaya, utasikia "mmmm" usiku kucha.

Aluminiamu je? Uzito wake ni kama theluthi ya chuma, inatoboka kirahisi, na inasambaza joto la transista vizuri zaidi. Ubaya wake, lehemu ya kawaida haiishiki, na ikiwa nyembamba inapinda. Hata Marshall wa London, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walianza na chesisi za aluminiamu wakahamia chuma.

Ukienda kwenye vyuma chakavu, beba sumaku ya spika iliyokufa. Ikinasa, hicho ni chuma. Isiponasa na kipande ni chepesi, huenda umepata aluminiamu.

Sisi tulichukua aluminiamu ya milimita mbili, mabaki ya mafundi madirisha, tukaikunja kingo isilegee. Transista za 2N3055 tukaziwekea mika chini, kwa sababu ganda lake lenyewe lina umeme. Kila tundu la waya likapata mpira. Plagi ikawa ya miguu mitatu, na waya wa ethi ukafungwa kwenye chesisi kwa bolti na nati yake peke yake, baada ya kukwangua mpaka chuma king'ae. Hapo waya ukija kuchubuka tena, fyuzi inakatika kabla ya mtu.

Lakini fundi alitukumbusha: ethi ya plagi ni pambo tu kama nyumba yenyewe haina fimbo iliyozikwa ardhini. Uliza kabla hujachomeka!

Jumamosi binamu anapiga tena. Nitakuwepo, lakini sichezi. Nasimama karibu na plagi.

Tukutane wiki ijayo!