Ukuukuu wa Kamba: Motokaa Kuukuu katika Nyumba za Tabora

Wazee wetu wamesema: Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Maana yake ni kwamba kamba ya zamani iliyosokotwa vizuri ina nguvu kuliko ukambaa mpya ambao haujajaribiwa. Methali hii hupendwa mno na wenye motokaa kuukuu. Jirani akicheka, wao humjibu kwayo. Lakini methali haikusifu kila kilicho kikuukuu. Imesifu kamba ambayo ingali kamba. Iliyokatika nyuzi si kamba tena, na mwenye kuitegemea kisimani atapoteza ndoo yake. Leo twapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya jambo hili: vipi nyumba itakaa na motokaa kuukuu bila ya kupoteza mali, roho, wala uaminifu.

Njia ya miguu

Watu wa Tabora hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mafunzo ya safari. Kabla ya reli, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Mpwapwa na Ugogo mpaka Tabora. Hapo ikagawanyika, moja ikienda Ujiji katika Ziwa Tanganyika, na nyingine ikielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, katika Tabora, mwezi wa Novemba. Safari ambayo leo motokaa nzima huimaliza kwa siku moja au mbili iliwachukua zaidi ya miezi minne.

Mizigo ilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, kwa maana wanyama wa mizigo aghalabu walikufa kwa maradhi yaletwayo na mbung'o. Wala tusifiche: katika njia hiyohiyo walipitishwa watumwa pamoja na pembe za ndovu, na vijana wetu yafaa waujue uchungu huo.

Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori liitwalo Mgunda Mkali, lenye uhaba wa maji. Hapo msafara haukuokolewa na ushujaa, bali na matayarisho: maji yaliyopimwa mapema, mizigo iliyogawanywa kwa haki, na kirangozi ajuaye njia. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikakoma. Lakini sheria ya Mgunda Mkali haikukoma. Motokaa iingiayo porini na rejeta kavu haina tofauti na msafara ulioingia bila maji.

Nyumba yenye motokaa kuukuu

Tuchukue mfano wa baba mwenye mshahara wa kadiri na watoto watano. Amenunua motokaa iliyokwisha kutumika miaka mingi Japani, kisha ikatumika miaka mingine hapa kwetu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa kali, betri hulala. Watoto wenye sare za shule huteremka, mama hushika usukani, na baba pamoja na wana husukuma mpaka injini ikohoe. Jirani nao huja kusaidia, na siku ya harusi au maziko huko Urambo, motokaa hiyohiyo hujaa watu wa mtaa mzima.

Hapana shaka kuna kheri ndani ya maisha hayo. Mtoto hujifunza subira, hujua jina la kila spana, na huona kuwa baba yake hakukopa ili aonekane tajiri. Lakini pana na fitina. Mama ameweka fedha za ada, na baba azitaka kwa ajili ya stata. "Mama watoto, ni mara hii tu." Naye hujibu, "Bwana, mwezi uliopita pia ilikuwa mara hii tu." Na kwa kuwa hakuna aliyeandika kitu, hakuna ajuaye nani kati yao ana haki.

Dawa yake ni methali nyingine: Mali bila daftari hupotea bila habari. Iandikwe kila shilingi ya petroli, ya spea na ya fundi, mume na mke wote wakitazama. Baada ya mwaka mmoja daftari litasema kama motokaa ile yaitumikia nyumba au nyumba ndiyo yaitumikia motokaa. Likisema hili la pili, baba asione haya kupanda basi au gari la moshi. Na fundi alipwe ujira wake kabla jasho halijamkauka, kama alivyotuamrisha Mtume (s.a.w.), asizungushwe mwezi mzima kwa ahadi.

La kungoja na lisilongoja

Rangi iliyobabuka yaweza kungoja. Kiti kilichochanika chaweza kungoja. Lakini breki, mipira, usukani na taa havingoji hata siku moja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakizeeka, hupata moto na kuchemka, na breki hulegea pale pale mtu anapoihitaji. Mpira nao huzeeka hata kama meno yake yangali marefu. Tazama ubavuni mwake, utaona tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka, hata 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Na rejeta ikichemka, mfuniko usifunguliwe mpaka injini ipoe, kwani mvuke wake huunguza uso. Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia, si kabla yake.

Siku ya kuiuza

Mtihani mkubwa huja mwisho, siku motokaa inapouzwa. Hapo ndipo watu wengine hutia mafuta mazito ili injini inyamaze, huosha uvujaji, na kumwambia mnunuzi kwamba haina neno. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani akakuta umaji uliofichwa chini ya ukavu, akamkemea mwenye mali na kumtoa mwenye kughushi katika kundi lake. Motokaa yenye breki mbovu ni zaidi ya nafaka iliyolowa, kwa sababu mnunuzi atapakia humo watoto wake.

Basi enyi wazazi, semeni aibu yake yote mbele ya mnunuzi, na semeni wana wenu wakisikia. Bei itapungua, na huenda fedha zilizokosekana zingelikuwa ada ya muhula mzima. Lakini mtoto aliyemsikia baba yake akisema kweli kwa hasara amepewa urithi usiochakaa, na mtoto aliyemwona akificha amefundishwa somo ambalo madrasa ya miaka kumi haitalifuta kwa urahisi. Wabillahi taufiki.