Moshi Usioonekana: Mtambo Mpya wa Umeme Unahusu Afya Yako

Mkazi wa Molo hahitaji kuhubiriwa juu ya baridi. Mji huu uko mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka upande wa Mau, wengi huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Kurasa za afya zimeonya mara nyingi kuhusu tabia hiyo, na onyo halijapitwa na wakati. Kaboni monoksaidi itokayo kwenye makaa haina rangi wala harufu. Huizuia damu kubeba oksijeni, na mtu aliyelala huenda asiamke tena. Jiko litolewe nje kabla ya kulala.

Hewa hiyo ina ndugu yake, nayo ni kaboni daioksaidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa. Huyu ni mpole kwa sura. Unamtoa mwenyewe kila unapopumua, na ndiye anayefanya soda itoe mapovu. Hakuna aliyewahi kupelekwa hospitali kwa kuvuta ile kidogo inayoelea barabarani. Basi kwa nini serikali nyingi zimetunga sheria za kupima ni kiasi gani cha hewa hii kinachotoka katika kituo kipya cha umeme, hata kabla jiwe la msingi halijawekwa?

Jibu ni kwamba ubaya wake hauko puani bali uko juu angani. Hewa ukaa huliacha jua lipite likaipashe ardhi joto, kisha huzuia sehemu ya joto hilo lisirudi juu. Hukaa huko kama blanketi, na haiondoki kwa mvua ya juma moja kama livyofanya vumbi. Sehemu kubwa ya hewa inayotolewa leo itakuwa bado angani wajukuu wako watakapokuwa wazee.

Tuchukue kituo kinachochoma makaa ya mawe. Katika bomba lake la moshi hutoka mambo ya aina mbili, na msomaji afadhali asiyachanganye. Aina ya kwanza ni vumbi laini sana, salfa daioksaidi, oksaidi za naitrojeni na chembechembe za zebaki. Haya huwaumiza walio karibu: vumbi huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, mwenye pumu hubanwa kifua, na moyo nao huathirika. Kwa vumbi na salfa kuna vichujio, na kituo kikivinunua na kuvitumia sawasawa, moshi hupungua kiasi cha kuonekana mweupe. Aina ya pili ni hewa ukaa, na vichujio hivyo havimkamati hata kidogo. Kwa hiyo mwekezaji anaweza kukuonyesha bomba safi linalong'aa, na wakati uo huo kila yuniti moja ya umeme inayotoka pale imeacha angani kati ya gramu 800 na kilo moja ya hewa ukaa.

Kenya iliwahi kufikia hatua ya kukijenga kituo cha namna hiyo. Kampuni ya Amu Power ilipanga kituo cha megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Piga hesabu mwenyewe. Kikifanya kazi kwa nguvu zake zote kingetoa tani 840 hadi 1,050 za hewa ukaa kwa saa. Mkulima wa viazi wa Molo ataelewa zaidi nikisema ni malori 84 hadi 105 ya tani kumi kumi, kila saa, mchana na usiku.

Utasema Lamu ni mbali. Kweli, vumbi la Lamu lisingefika Molo. Hewa ukaa haina makao. Ile ya Lamu na ile ya Texas huchanganyika zikawa kitu kimoja, na joto lake hugawanywa kwa wote. Hapa ndipo mbu anapoingia.

Vijidudu vya malaria kali havikui ndani ya mbu mahali penye baridi. Katika joto la nyuzi 27 huchukua siku kumi hivi kukomaa. Kwa nyuzi 20 huchukua karibu majuma manne, na mbu wengi huwa wamekufa kabla ya hapo. Ukikaribia nyuzi 16 havikomai kabisa. Baridi ya Molo, inayolalamikiwa kila asubuhi, ni kinga ambayo hakuna aliyeilipia. Miinuko ya chini kidogo, kama Kericho, Nandi na Kisii, ilikumbwa na milipuko ya malaria katika miaka ya 1990. Wataalamu walibishana sana kuhusu chanzo chake. Wengine walitaja joto kuongezeka, wengine wakasema dawa ya klorokwini ilikuwa imeshindwa nguvu. Nadhani pande zote zilikuwa na lao la kweli. Lakini hesabu ya nyuzi na siku haibishaniwi, na watu wa nyanda za juu hawana kinga mwilini ya mtu aliyezaliwa penye mbu. Mlipuko ukija huwapata watu wazima kama watoto.

Sasa turudi kwenye sheria. Kwa nini kukazana na vituo vipya badala ya vile vilivyopo? Kwa sababu kituo kikishajengwa hudumu miaka thelathini, arobaini. Mkopo umekopwa, mkataba wa kununua umeme umetiwa sahihi, wafanyakazi wameajiriwa. Kukizima ni vita. Kukikataa kikiwa bado karatasi ni rahisi zaidi. Uingereza ililiona hilo: sheria yake ya nishati ya mwaka 2013 iliwekea vituo vipya kipimo cha gramu 450 kwa yuniti. Cha gesi kiliweza kupita. Cha makaa ya mawe hakikuweza, labda kinase hewa yake na kuizika ardhini. Kituo chao cha mwisho cha makaa ya mawe kilizimwa Septemba 30, 2024.

Kenya ilifuata njia nyingine. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikutaja gramu. Kilichokuwepo ni uchunguzi wa athari kwa mazingira, ambao kila mradi mkubwa ni lazima uupitie mbele ya NEMA, yaani halmashauri ya kitaifa ya mazingira. NEMA ilikipa kituo cha Lamu leseni mwaka 2016. Chama cha wakazi cha Save Lamu na wenzake wakakata rufaa, na Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Sababu zilikuwa kadhaa, ila mbili zatuhusu. Kwanza, wananchi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanywa kabla ya uchunguzi kukamilika ilikuwa ya kujulishana tu. Pili, ripoti haikuzingatia sheria ile ya tabianchi. Mwaka 2025 mahakama ya mazingira mjini Malindi iliunga mkono uamuzi huo. Ona kwamba hakuna kipimo cha gramu kilichokizuia kituo kile. Kilizuiwa na wavuvi na wakazi waliosoma ripoti na kuuliza maswali.

Nawe uliye Nakuru au Molo una kituo chako cha kuulizia. Umeme wa mvuke wa ardhini, ulioanza Olkaria mwaka 1981 kwa megawati 15, umefika Menengai, ambako kampuni ya Sosian ilianza kuzalisha mwaka 2023 kwa mtambo wa megawati 35. Kwa upande wa hewa ukaa hii ni habari njema, na nchi inafaidika. Ila usimezeshwe kwamba mvuke hautoi kitu. Mvuke hupanda na gesi za ardhini, na kiasi chake hutegemea miamba. Katika bonde la Menderes, Uturuki, baadhi ya mitambo ilipoanza ilitoa hewa ukaa inayokaribia ya makaa ya mawe. Neno "mvuke" peke yake halitoshi. Visima vya hapo hapo vipimwe.

Pamoja nayo hutoka haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Pua huitambua ikiwa kidogo mno, kabla haijadhuru. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza isizidi maikrogramu 150 katika mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 24. Ikizidi huwasha macho na koo na kuleta maumivu ya kichwa. Ikiwa nyingi sana huiua pua isinuse tena, kwa hiyo mfanyakazi wa kisimani asitegemee harufu bali kifaa cha kupimia.

Tangazo la mradi mpya likitokea gazetini au redioni, usilipite. Kanuni za mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watakaoathirika. Nenda. Omba ripoti yenyewe, wala si muhtasari wa kurasa mbili. Uliza ni gramu ngapi za hewa ukaa kwa kila yuniti ya umeme, na nani aliyezipima. Uliza kifaa cha kupima haidrojeni salfaidi kitawekwa wapi, na kama matokeo yatabandikwa mahali ambapo mama wa sokoni anaweza kuyasoma. Maoni yako yaandike, uweke nakala. Leseni ikitolewa nawe hukuridhika, rufaa kwa Jopo hupelekwa ndani ya siku 60, na hao wa Lamu walianza hivyo hivyo.