Entropia na Mwenendo wa Mapigo ya Moyo

Makala haya yanafafanua jinsi kipimo kiitwacho entropia kinavyotumiwa kuchunguza mwenendo wa moyo. Aghalabu hudhaniwa kwamba moyo wenye siha hupiga kama saa. Sivyo. Moyo wa mtu aliyepumzika, upigao mara 60 kwa dakika, huweza kuacha milisekunde 960 baina ya pigo na pigo, kisha 1,050, kisha 990. Avutapo pumzi moyo huenda mbio kidogo; aitoapo hupunguza kasi. Anayehesabu wastani pekee huupoteza utajiri huo wote.

Katika taaluma ya mawasiliano, dhana hii iliasisiwa na Claude Shannon wa Marekani mwaka 1948. Swali lake lilikuwa: herufi ijayo haitabiriki kwa kiasi gani? Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hulielewa upesi. Baada ya "vitabu vyangu", kiambishi cha kitenzi kitakachofuata karibu kinajulikana. Hapo entropia ni ndogo. Mwaka 1991 Steve Pincus alibuni njia ya kuikadiria katika data chache zenye kelele, na mwaka 2000 Joshua Richman na Randall Moorman wakairekebisha, maadamu ile ya awali ilihesabu kila ruwaza kuwa inafanana na nafsi yake. Kompyuta huchukua vipindi viwili vinavyofuatana, hutafuta jozi nyingine zinazokaribiana navyo, kisha huuliza iwapo kipindi cha tatu nacho kinafanana. Kikifanana mara nyingi, entropia huwa ya chini. Kipimo cha kawaida cha mtawanyiko hakiwezi kuuliza swali hilo: hata vipindi vyote vikivurugwa, hakibadiliki, kama shairi lililochanganywa mishororo linavyobaki na jumla ileile ya mizani.

Hata hivyo, palizuka utata. Moyo ambao vyumba vyake vya juu hupapatika hupiga ovyo, nao ulipata alama za juu kuliko moyo mzima! Nasibu si uchangamano. Mwaka 2002 Madalena Costa, Ary Goldberger na C.-K. Peng walitoa suluhisho: vipindi vitafutiwe wastani viwiliviwili, vitatuvitatu, hadi ishirini, na kila ngazi ipimwe upya. Entropia ya moyo unaopapatika ikashuka kadiri ngazi zilivyopanda. Ya moyo wenye afya ikabaki juu, hata kuliko ya moyo unaoshindwa kusukuma damu ipasavyo.

Manufaa ya dhahiri zaidi yameonekana kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Maambukizi yanapoingia katika damu yao, mapigo hupoteza mabadiliko ya kawaida na kupungua kasi kwa ghafla, mara nyingine saa kadhaa kabla ya dalili nyingine. Entropia ni mojawapo ya vipimo vitatu vinavyounganishwa kutoa tahadhari hiyo. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2011, lililohusisha watoto 3,003 wenye uzito mdogo sana, vifo vilikuwa asilimia 8.1 pale wahudumu walipoonyeshwa tahadhari, na asilimia 10.2 pale walipofichwa. Hakuna tiba iliyoamriwa. Wahudumu waliachiwa waamue wenyewe wakamtazame mtoto yupi.