Kumpiga Mtoto Picha Nyumbani

Picha nzuri ya mtoto hutegemea mwanga kuliko bei ya kamera. Dirisha moja lisiloingiza jua kali linatosha. Mtoto hukaa umbali wa kama mita moja kutoka dirishani, ubavu wake ukielekea kwenye mwanga. Taa za chumbani huzimwa, kwa kuwa rangi yake haipatani na mwanga wa mchana. Fleshi pia huzimwa: huupiga uso kwa mbele na kufuta vivuli vinavyoonyesha umbo la pua na mashavu. Upande wa pili wa uso ukibaki na giza, shuka jeupe likitandazwa juu ya kiti kilicho karibu huurudishia mwanga.

Nje, jua la saa sita ni adui. Karibu na ikweta husimama utosini, na macho yakaonekana kama mashimo. Afadhali kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Baraza lenye kivuli hufaa muda wote.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni ngozi nyeusi. Kamera hukadiria mwanga kana kwamba kila kitu inachoelekezewa kina wastani wa kijivu. Ukuta mweupe ukiijaza picha, kamera hupunguza mwanga, na uso wa mtoto ukazama gizani. Hata enzi za filamu, kampuni ya Kodak ilizigawia maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu, na kwa miaka mingi ngozi nyeusi haikufikiriwa. Kwa simu dawa ni rahisi: gusa uso wa mtoto kwenye kioo, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole. Nyuma yake atundikiwe kitenge cha rangi iliyokolea badala ya kuegemezwa ukuta mweupe. Mafuta kidogo mashavuni nayo husaidia, maana ngozi nyeusi inayong'aa kwa mwanga wa dirisha hupendeza mno.

Mpigaji hupiga magoti ili lenzi ilingane na macho ya mtoto. Simu ikisogezwa karibu mno, pua na paji la uso huvimba; mita moja na nusu ni umbali mzuri. Kwa mtoto anayekimbia, kamera iwekwe kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi.

Kumwamrisha mtoto acheke huzaa tabasamu la kulazimishwa. Apewe kitu cha kuchezea, au bibi yake asimame nyuma ya kamera amsemeshe. Wa miaka miwili huchoka haraka, na akichoka aachwe.

Kabla ya kumtumia mtu picha, itazamwe kama sare inaitaja shule anayosoma mtoto. Tena picha zisibaki kwenye simu tu, maana simu hupotea na hufa pamoja na vilivyomo. Mzazi achague picha chache, azipeleke studio zisafishwe, na nyuma ya kila moja aandike jina la mtoto na tarehe.