Kasulo haina dubu, lakini hadisi ya dubu inaifaa

Katika muji wa Kolwezi, jimbo la Lualaba, mutu anaweza kuzaliwa, kuoa, kujenga na kuzeeka bila kukutana na dubu hata siku moja. Katika kartie Kasulo, mwenye kushuka katika shimo anaogopa udongo kuanguka, hewa kupunguka na maji ya mvua kuingia. Hakuna mwenye anauliza kama chini kuko dubu.

Hata hivyo, mupenzi wa habari za dubu, yule mwenye anazitafuta katika magazeti, vitabu na sinema, anaweza kupata Kasulo wasikilizaji wazuri sana. Sababu ni moja: habari nyingi za dubu zenye kuchekesha hazizungumuzie dubu mwenyewe. Zinazungumuzia watu wenye kuogopa, kuuzisha ao kuhesabia kitu chenye hawajakamata mukononi. Na katika jambo hilo, Kasulo haiombe mwalimu.

Nyama mwenye Afrika haina

Dunia iko na aina nane za dubu. Leo, hakuna hata moja yenye inaishi Afrika katika pori. Wa mwisho waliishi kaskazini, katika milima ya Atlas, na walimalizika katika miaka ya 1800.

Jambo hilo lilimuletea matata mwandikaji Muingereza Michael Bond. Wakati alikuwa anaandika kitabu chake cha kwanza juu ya dubu Paddington, chenye kilitoka mwaka 1958, alimufanya kuwa mutoto wa Afrika. Mutu mwenye alikuwa anamutafutia nafasi ya kuchapisha vitabu akamukumbusha kwamba Afrika haina dubu. Bond akabadilisha kwao, akaandika Peru, kwa sababu katika milima ya Andes dubu wako. Kwa neno hilo moja, Afrika ikapoteza mutoto wake mwenye kofia na mwenye kupenda konfitire ya machungwa.

Lakini Afrika ya Mashariki ilikuwa tayari na dubu wake, wa masikilizi. Wakati wa ukoloni, Wazungu wenye walikaa magharibi ya Kenya walisema wameona usiku nyama mukubwa, mwenye mabega ya juu na mugongo wenye kushuka. Wakamupatia jina la “dubu wa Nandi”. Wenyeji walikuwa na majina yao, kama chemosit, na hadisi zao za kutisha. Mwaka 1912, jarida la wachunguzi wa viumbe vya Afrika ya Mashariki lilichapisha habari zake. Miaka mingi imepita, na hakuna ngozi wala mufupa wenye umehakikisha kwamba ni dubu. Wengi wanafikiri kwamba watu waliona fisi, na woga ukaongeza kilo.

Mutu ndani ya ngozi

Kama mutu anafikiri kwamba mambo ya namna hiyo ni ya zamani, magazeti ya miaka hii yanamujibu. Mwaka 2023, bustani ya nyama ya Hangzhou, huko China, ililazimika kutoa tangazo ili kusema kwamba dubu wake ni dubu kweli. Video yake ilikuwa imezunguka: amesimama kwa miguu miwili, ngozi imekunjamana nyuma kama suruali ya kukopa. Watu wakasema ni mutu amevaa nguo za dubu.

Mwaka 2024, Marekani ikageuza hadisi hiyo. Katika jimbo la California, watu walipeleka kwa kampuni za asiransi video ya dubu mwenye ameingia katika Rolls-Royce yao na kupasua viti. Walifanya vilevile kwa magari mengine mawili. Feza zenye walipewa zilipita dola 140 000. Mutaalamu wa nyama wa pori akaangalia video na kusema: huyu ni mutu ndani ya ngozi ya dubu. Polisi ikapata nguo ile katika nyumba, na watu wane wakakamatwa.

Hata uchaguzi haukupona. Kila mwaka, katika mbuga ya Katmai, Alaska, watu wanapiga kura kwenye intaneti ili kuchagua dubu mwenye amenenepa zaidi mbele ya kulala miezi ya baridi. Mwaka 2022, wasimamizi walivumbua maelfu ya kura za uongo katika nusu ya fainali. Wakaziondoa, wakatangaza matokeo mapya, na dubu wa namba 747 akaendelea mupaka akashinda. Wagombea wenyewe hawakulalamika. Walikuwa ndani ya muto wanakula samaki.

Hadisi ya masomoni

Hadisi ya dubu yenye inakaribia Kasulo zaidi haitoke katika gazeti. Ni ya Mufaransa Jean de La Fontaine, yenye ilitoka mwaka 1668, na wengi wenye walisoma Kifaransa masomoni walisikia fundisho lake: usiuzishe ngozi ya dubu mbele ya kumuua.

Marafiki wawili walikosa feza. Wakaenda kwa jirani yao, muuzishaji wa ngozi, wakamuuzishia ngozi ya dubu mwenye angali muzima katika pori. Waliisifu sana: ni ya dubu mukubwa kuliko wote, italeta faida, na katika siku mbili itakuwa hapa. Wakaenda kumutafuta. Dubu akatokea mwenyewe, anakuja mbio. Mumoja akapanda muti. Wa pili akalala chini, akafunga pumuzi kama maiti. Dubu akamugeuza, akamunusa, akaenda zake. Mwenye alikuwa juu ya muti akashuka na kuuliza dubu alisema nini kwa sikio. Mwenzake akajibu: amesema, usiuzishe ngozi yangu mbele hujaniangusha.

Ngozi ya Kasulo

Katika mwaka 2014, mukaaji mumoja wa Kasulo alichimba karibu na nyumba yake, akakuta madini yenye kobalti. Habari ikatembea haraka kuliko pikipiki. Watu wakaanza kuchimba katika parsele, nyuma ya jikoni, hata ndani ya vyumba. Mashimo mengine yakapita mita 30. Mwaka 2017, sehemu moja ya kartie ikatolewa kwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, wakaaji wakahamishwa, na ukuta ukajengwa.

Mbele ya kufikia mushipa wa madini, wachimbaji wanaweza kukaa majuma mengi wanatoa udongo mutupu. Wakati huo wanakula, wananunua kamba na taa, na watoto wao wanaombwa feza za masomo. Mara nyingi kuko mwenye kutanguliza feza hizo, akingojea sehemu yake siku madini itatoka. Hapo ndipo dubu wa La Fontaine anaingia Kolwezi bila viza: madini imekwisha kukuliwa sahani kwa sahani, na hakuna mwenye ameona rangi yake.

Na hata kama mushipa unapatikana, bei haingojee. Mwaka 2018, tone moja ya kobalti ilipita dola 90 000 katika soko la London. Katikati ya mwaka 2019, ilikuwa chini ya 30 000. Mwanzoni mwa mwaka 2025, ilianguka karibu na 21 000, na tarehe 22 Februari serikali ya Congo ikasimamisha kutoa kobalti inchini. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025, inatoka kwa kipimo. Mwenye alishuka shimoni wakati wa bei moja anaweza kupanda na mufuko wake wakati wa bei ingine.

Wafanyabiashara Waingereza wanaita soko lenye kushuka “soko la dubu”. Kamusi zao zinaeleza kwamba jina hilo linatoka kwa watu wenye kuuzisha ngozi ya dubu mwenye hawajakamata. Kwa hiyo dubu alifika Kasulo. Alipitia kwenye mizani.

Katika hadisi ya La Fontaine, soko lilivunjika. Hakuna mwenye alimushitaki dubu. Katika shimo, mambo hayaishe vyepesi namna hiyo, kwa sababu feza zimekwisha kutoka na chakula kimekwisha kuliwa. Kwa hiyo ulizo lenye kustahili kuzungumuzwa mbele ya kamba kushuka ni hili: kama mushipa haupatikane, ao bei inaanguka, nani atabeba hasara? Wenye kupatana juu ya jambo hilo mbele ya mashahidi wanaweza kucheka hadisi za dubu bila woga. Wenye hawakupatana watasikilizana siku ya mizani, na siku hiyo hakuna muti wa kupanda.